Ukifika Dar, Usilipite Duka la Vitabu la Samora

Wengi wetu tukisikia safari ya nchi za nje huwaza ufuo wa bahari, mbuga za wanyama na nguo za kununua. Ni wachache wanaofunga safari kwa ajili ya vitabu. Hata hivyo, mzazi wa Molo anayetafuta mahali pa kuipeleka jamaa yake likizoni anaweza kufanya hivyo bila kupanda ndege.

Wageni wanaozuru Paris hupanga foleni nje ya duka la Shakespeare and Company. Jina hilo lilianzishwa mwaka wa 1919 na Sylvia Beach, Mmarekani aliyethubutu kuchapisha riwaya ya Ulysses ya James Joyce mwaka wa 1922. Sisi wa Afrika Mashariki pia tunalo duka lenye historia kama hiyo. Liko Dar es Salaam, katika Barabara ya Samora, na hujulikana kwa herufi tatu: TPH.

Herufi hizo ni za Tanzania Publishing House, shirika la umma lililoundwa mwaka wa 1966. Mwaka wa 1972 uongozi wake ulishikwa na Walter Bgoya. Mwaka huo huo shirika hilo, pamoja na wachapishaji wadogo wa London, Bogle-L'Ouverture, lilitoa kitabu cha Walter Rodney kuhusu jinsi Ulaya ilivyoidumaza Afrika. Rodney, mzaliwa wa Guyana, alikuwa mwalimu katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Aliuawa kwa bomu nchini mwake mwaka wa 1980, lakini kitabu chake kinasomwa hadi leo.

Waandishi wa Kiswahili nao hawakusahauliwa. TPH ndiyo iliyotoa riwaya za Shafi Adam Shafi wa Zanzibar: Kasri ya Mwinyi Fuad mwaka wa 1978 na Kuli mwaka wa 1979. Kuli inasimulia maisha ya wapagazi wa bandarini na mgomo wao wa mwaka wa 1948. Bgoya alipoondoka alianzisha Mkuki na Nyota mwaka wa 1991, na huko ndiko Vuta N'kuvute ya Shafi ilikochapishwa mwaka wa 1999.

Pengine utauliza, haya yanamhusu nini mkulima wa viazi wa Molo? Tazama maduka ya vitabu katika miji yetu midogo. Mwezi wa Januari hujaa wazazi wenye orodha za shule, kisha hubaki na madaftari na kalamu. Mtoto akikua hivyo, huamini kwamba riwaya ni kitu cha mtihani, na akimaliza shule ya upili hukiweka kando daima. Siku atakayoachwa mbele ya rafu ndefu achague mwenyewe, bila mwalimu wala orodha, huenda mawazo yake yakabadilika.

Sasa safari yenyewe. Kutoka Molo panda matatu hadi Nakuru, kisha Nairobi. Hapo kuna mabasi yanayopitia Namanga na Arusha hadi Dar. Ni safari ndefu, kwa hivyo ukiwa na watoto wadogo lala Arusha. Hakikisha kila mmoja ana hati ya kusafiria na cheti cha chanjo ya homa ya manjano. Sweta za Molo zitawafaa njiani usiku, lakini mkifika Dar mtazivua wenyewe!

Usishtuke ukiona bei za maelfu. Shilingi moja ya Kenya hubadilishwa kwa karibu shilingi 20 za Tanzania. Uliza mapema saa za kufungua, na usiende Jumapili.

Mpe kila mtoto kiasi chake cha pesa, naye achague kitabu kimoja. Mama na Baba nao wachague vyao, kwani mtoto hujifunza kusoma kwa kuwaona wakubwa wakisoma. Mkirudi nyumbani, badilishaneni. Familia ya watu watano itakuwa na vitabu vitano vya kusoma jioni za baridi, moto ukiwaka jikoni, na majirani wa kuazima hawatakosekana.