SEIRAN: Ndege Iliyochelewa Vita

Wasikilizaji, silaha nyingi za Vita Vikuu vya Pili vya Dunia zingalipo katika nyumba za makumbusho. Lakini iko ndege moja ya kivita ambayo ziliundwa 28 tu, pamoja na chache za mafunzo zilizokuwa na magurudumu, na leo imesalia moja peke yake. Ndege hiyo ni Seiran, iliyoundwa na kampuni ya Aichi kwa ajili ya Jeshi la Wanamaji la Japani.

Seiran ilikuwa ndege ya baharini. Badala ya magurudumu ilikuwa na vielea viwili, mfano wa mitumbwi, ili iweze kutua juu ya maji. Ndege za namna hiyo si ngeni katika sehemu zetu, kwani mwaka 1916 Wabelgiji walizitumia katika Ziwa Tanganyika kuishambulia Kigoma. Ajabu ya Seiran ni kwamba maskani yake yalikuwa ndani ya nyambizi.

Nyambizi hizo, za aina ya I-400, zilikuwa na urefu wa mita 122, na hakuna taifa lililokuwa na nyambizi kubwa kuliko hizo wakati huo. Kila moja ilibeba Seiran tatu ndani ya banda la chuma lenye kipenyo cha mita tatu na nusu. Mabawa ya ndege yalikunjwa, hata mkia nao ulikunjwa. Nyambizi ilipoibuka usiku, mafundi walizitoa ndege, wakazikunjua, wakazifunga vielea, kisha zikarushwa kwa mtambo maalumu. Kikosi kilichozoezwa vyema kiliweza kuzirusha zote tatu kwa muda wa nusu saa hivi. Kila ndege ilichukua watu wawili, na iliweza kubeba bomu la kilo 800.

Shabaha iliyokusudiwa ilikuwa Mfereji wa Panama. Wajapani walitaka kuyavunja malango ya maji ya Gatun, ili meli za Marekani zisiweze kupita kutoka Atlantiki kwenda Pasifiki. Shauri lenyewe lilikuwa la kijasiri, lakini wakati haukulingoja. Nyambizi 18 zilikusudiwa, zikakamilika tatu tu, na ya kwanza ilimalizika Desemba 1944. Mwezi huo huo tetemeko la ardhi liliukumba mji wa Nagoya, zilikoundwa ndege hizo, na mabomu ya Marekani yakaendelea kuharibu viwanda. Kufikia Juni 1945 Okinawa ilikuwa imekwisha tekwa, na Panama haikuwa na maana tena. Shabaha ikahamishiwa kwenye meli za Marekani zilizotia nanga Ulithi. Zaidi ya hayo, ndege zikapakwa alama za Marekani, hila ambayo sheria za vita hazikubaliani nayo.

Nyambizi zikang'oa nanga. Zikiwa zingali baharini, tarehe 15 Agosti 1945 Japani ikatangaza kusalimu amri. Zikaamriwa kurejea na kuharibu silaha, na Seiran zote zilizokuwamo zikatupwa baharini. Hakuna hata moja iliyopata kushambulia adui.

Ile iliyosalia ndiyo ya mwisho kuundwa. Wamarekani waliichukua hadi Alameda, California, ilikokaa mpaka mwaka 1962, kisha ikahamishiwa Maryland. Miaka mingi ya kukaa nje iliichakaza. Kazi ya kuitengeneza ilianza mwaka 1989, ikamalizika mwaka 2000. Mafundi hawakuwa na michoro ya kiwandani, kwa hiyo iliwabidi wajifunze kutokana na chuma chenyewe. Sasa imewekwa katika jumba la makumbusho la Udvar-Hazy, katika jimbo la Virginia. Nyambizi I-400 na I-401 zilizamishwa na Marekani mwaka 1946 karibu na Hawaii, ili siri zake zisiwafikie Warusi.

Mwanajeshi au polisi atakayesimama mbele ya ndege hiyo ana la kujifunza. Ufundi wake ulikuwa wa hali ya juu, na siri yake ilitunzwa. Kilichokosekana ni wakati. Silaha iliyobuniwa mwaka 1942 kwa vita vya kushambulia ilifika katika vita vya kujihami, wakati viwanda, mafuta na njia za bahari vimekwisha potea. Wahenga walisema, chelewa chelewa utamkuta mwana si wako. Seiran ilipokuwa tayari, vita ilivyoundiwa vilikuwa vimekwisha amuliwa.