Sanaa na Sahani

Jumba la mawe la Nairobi Gallery, lililojengwa mwaka 1913, lilikuwa ofisi ya serikali ya kikoloni ambamo ndoa, vizazi na vifo viliandikishwa. Leo limehifadhi vinyago, vitambaa na mapambo kutoka mkusanyo wa Joseph Murumbi, aliyekuwa Makamu wa Rais mwaka 1966.

Nawauliza walimu wenzangu: ni wanafunzi wangapi waliowahi kuingia humo wakiandamana na wazazi wao? Safari zetu za shule twazijua. Watoto hupangwa foleni, huamrishwa wasiguse kitu, kisha hurudishwa basini na kutakiwa kuandika insha. (Insha hizo nimezisahihisha, zote zafanana.)

Murumbi hakuitenga sanaa na maisha namna hiyo. Duka la sanaa la African Heritage, aliloanzisha na mkewe Sheila pamoja na Alan Donovan mapema miaka ya 1970, lilikuwa na mkahawa, maonyesho ya mavazi na hata bendi ya jina hilo hilo, aliyokuwamo Ayub Ogada, mpigaji nyatiti. Watu walikuja kula, wakaona.

Wapo watakaodai kuwa harufu ya pilau yaivunjia sanaa heshima. Nami nasema chano kilichochongwa kwa ajili ya chakula, kikifungiwa nyuma ya kioo, hakimwambii mtoto neno. Makavazi yetu na yatenge Jumamosi moja kila mwezi kwa ajili ya familia nzima: nyanya asimulie, fundi achonge mbele ya watoto, chakula kipakuliwe, na kiingilio cha mwanafunzi kipunguzwe siku hiyo.