Mjumbe wa Bodi ya Afya Humtumikia Nani?

Maradhi hayajui mipaka ya nchi. Ndiyo maana Katiba ya Shirika la Afya Duniani, iliyoanza kutumika tarehe 7 Aprili 1948, iliunda Bodi ya Utendaji, yaani chombo kidogo cha kutekeleza maazimio ya Mkutano Mkuu wa nchi wanachama.

Wajumbe wa Bodi hupatikana kwa hatua mbili. Kwanza, Mkutano Mkuu huchagua nchi, wala hauchagui mtu. Kisha kila nchi iliyochaguliwa humteua mtu mmoja, ambaye Katiba yataka awe na ujuzi wa mambo ya afya. Muda wa nchi ni miaka mitatu, nayo yaweza kuchaguliwa tena. Kila mwaka theluthi moja hivi ya nafasi hujazwa upya, ili Bodi isipoteze wazoefu wake wote kwa mara moja.

Hapo mwanzo nafasi zilikuwa 18. Kadiri nchi wanachama zilivyoongezeka, nafasi nazo ziliongezwa hata zikafikia 34. Kila moja ya kanda sita hupewa nafasi zisizopungua tatu. Kanda ya Afrika, yenye makao yake Brazzaville, ina saba.

Lakini mjumbe humtumikia nani? Daktari asemaye kwa ujuzi wake tu aweza kutaja hatari ambayo serikali yake ingependa ifichwe. Hata hivyo, hawezi kuahidi kwamba nchi yake itatoa fedha au itatekeleza yaliyokubaliwa. Kwa miaka mingi mjumbe alihesabiwa kuwa anatenda kwa niaba ya Mkutano Mkuu mzima. Mwaka 1998 Mkutano Mkuu uliamua kwamba wajumbe washiriki kama wawakilishi wa serikali. Sharti la ujuzi, hata hivyo, halikufutwa.

Jambo hili si la makaratasi tu. Bodi huandaa ajenda ya Mkutano Mkuu, yaweza kuidhinisha hatua za dharura dhidi ya magonjwa ya mlipuko, na hupendekeza watu wa kugombea cheo cha Mkurugenzi Mkuu. Mwaka 2017 ilipeleka majina matatu, na Mkutano Mkuu ukamchagua Tedros Adhanom Ghebreyesus wa Ethiopia, Mwafrika wa kwanza kushika cheo hicho.

Basi serikali inapoandika jina la mjumbe wake, yapasa ikumbuke kwamba mtu huyo atabeba sauti ya nchi yake, na papo hapo atapiga kura juu ya afya ya watu wasiomjua.