Laptopu ndogo ya mtumba: fungua mgongo kabla ya kulipa

Na Mwandishi Wetu, Bukoba

WAFANYABIASHARA wa kahawa, ndizi na samaki mkoani Kagera wanaotafuta laptopu nyepesi za mtumba wanashauriwa wasitazame rangi na kioo peke yake. Swali la kwanza kwa muuzaji liwe moja: ndani kuna diski ya aina gani, na inabadilishika?

Kwa mtu anayezunguka Nyanga, Kemondo na Muleba kwa bodaboda, au anayelala melini kwenda Mwanza, mashine ya inchi 12 au 13 yenye uzito wa kilo 1.3 hivi ni nafuu kubwa. Inaingia kwenye mkoba mmoja na daftari la mizani, na ritani ya TRA inaweza kujazwa popote penye mtandao. Umeme ukikatika, betri nzima inamaliza hesabu za jioni.

Tatizo ni kwamba mashine hizi zimebanwa sana ndani, na kila kampuni imebana kwa namna yake.

Mwandishi wa ukurasa huu alijifunza kwa fedha zake mwenyewe. Laptopu ya inchi 12 aliyoinunua katika duka moja, ambalo halitatajwa hapa, ilikuwa na diski ya inchi 1.8 badala ya ile ya inchi 2.5 iliyozoeleka. Diski ilipokufa, mafundi watatu waliifungua na kuifunga tena bila kuwa na ya kuweka. Mashine ikawa pambo, na hesabu za miezi minne zikapotea nayo.

Wenyeji wa Kagera wanaijua butura, yaani kahawa kununuliwa ikiwa bado mtini. Kununua laptopu bila kuifungua mgongo hakuna tofauti kubwa, isipokuwa katika butura anayeumia ni mkulima, na hapa anayeumia ni mwenye fedha.

Diski ya zamani ina sahani zinazozunguka, mara nyingi mizunguko 5,400 kwa dakika, na kichwa cha kusomea kinaelea juu yake kwa nafasi ndogo kuliko unene wa unywele. Ikitikiswa wakati inafanya kazi, kichwa kinaweza kuikwaruza sahani. Mji uliopigwa na tetemeko la ukubwa wa 5.9, Septemba 10, 2016, hauhitaji kuelezwa sana habari ya mtikisiko. SSD haina kitu kinachozunguka, na mashine iliyokuwa ikiwaka kwa dakika mbili au tatu huamka kwa sekunde chache.

Sasa kwenye meza ya muuzaji. ThinkPad X230, X240 na X250 za Lenovo zinachukua diski ya inchi 2.5, lakini yenye unene wa milimita 7. Ile nene ya milimita 9.5 iliyotolewa kwenye laptopu kubwa haiingii. Dell Latitude E7240 inafanana nazo kwa umbo, ila inatumia kadi ndogo iitwayo mSATA, ambayo si kila duka inayo. ThinkPad X280 ya mwaka 2018 inatumia kadi ya M.2, lakini RAM yake imechomelewa kwenye bodi, hivyo ukinunua yenye GB 4 utabaki na GB 4. HP EliteBook 830 G5 ya mwaka huohuo ina nafasi mbili za RAM na M.2 inayobadilishika. MacBook Air za kuanzia mwaka 2018 zina diski iliyochomelewa; hapo fundi wa bisibisi hana kazi.

M.2 nayo ina mtego wake. Ziko za SATA na ziko za NVMe, na si kila tundu linakubali zote mbili. Nenda na ile ya zamani mkononi.

Kuhusu bei, mambo mawili yanavutana. Microsoft ilifunga msaada wa kawaida wa Windows 10 Oktoba 14, 2025, na Windows 11 haizikubali rasmi karibu mashine zote za Intel zilizotangulia kizazi cha nane. Kwa hiyo X230 au X250 isiuzwe kwako kwa bei ya X280. Ubishie.

Upande wa pili, RAM na SSD zilipanda bei katika soko la dunia kuanzia mwishoni mwa mwaka 2025, kwa kuwa viwanda vilielekeza mali kwenye vituo vikubwa vya akili bandia. Desemba 2025 Micron ilitangaza kuacha biashara ya chapa yake ya rejareja, Crucial. Soko liliwahi kuonja hali hiyo mwaka 2011, mafuriko ya Thailand yalipofunika viwanda vya diski.

Basi piga hesabu. Tuseme laptopu yenye diski ya sahani ni 350,000/= na ya pili, sawa na hiyo lakini yenye SSD ya GB 256, ni 480,000/=. Kama SSD pamoja na ufundi ni 90,000/=, ya kwanza inakuachia 40,000/= na diski ya akiba. SSD ikifika 130,000/=, faida imekwisha; chukua ya pili. Namba hizi ni za mfano, weka za dukani siku hiyo.

Kabla ya kutoa fedha, iwashe uone kama inadai neno la siri la BIOS. Laptopu nyingi zimetoka maofisini, na neno hilo likibaki, kuliondoa ni kazi. Halafu fungua programu ya CrystalDiskInfo usome afya ya diski na saa ilizofanya kazi. SSD mpya ya bei ya kutupa ijaribiwe kwa H2testw, kwani zipo zinazojitangaza GB 500 na ndani hazina hata robo.

Kuhamisha kazi zako si lazima kuanza upya. Kwa waya wa USB na programu ya bure ya Clonezilla, fundi ananakili diski nzima, mradi mpya isiwe ndogo kuliko ya zamani. Kama diski imefungwa kwa BitLocker, tafuta kwanza ufunguo wake wa tarakimu 48. Diski ya zamani, ikiwa bado nzima, iwekwe kwenye kasha la USB na kupokea nakala ya hesabu kila Jumamosi. Kasha hilo libaki nyumbani, laptopu inapokwenda safari.