Mazoezi ya Dakika Chache Leba, Kila Wiki

Mtoto akizaliwa asilie, mkunga ana dakika moja tu. Anamkausha, anamsugua mgongo, anamsafisha njia ya hewa ikiwa imeziba. Akiwa bado hapumui, anamwekea barakoa usoni na kuanza kubinya mfuko wa hewa, kile kifaa ambacho wakunga wengi hukiita ambu. Hakihitaji umeme wala daktari bingwa. Kinahitaji mkono uliozoea.

Uharaka huo umepimwa. Katika Hospitali ya Kilutheri ya Haydom, iliyoko Mbulu mkoani Manyara, jirani kabisa na Mkalama ya Singida, watafiti walihesabu muda kwa saa ya kupimia pembeni ya vitanda vya kujifungulia. Matokeo yao ya mwaka 2012 yalionyesha kwamba kila sekunde 30 za kuchelewa kuanza kumpa mtoto hewa ziliongeza kwa asilimia 16 hatari ya kufa au kulazwa muda mrefu. Sekunde 30 ni muda wa kwenda kabatini kutafuta barakoa ambayo hakuna anayejua ilipowekwa.

Hata kabla ya matokeo hayo, Tanzania haikukaa kimya. Wakunga wa hospitali nane walifundishwa kumsaidia mtoto mchanga kupumua, na utafiti uliochapishwa mwaka 2013 ukaonyesha kuwa vifo vya watoto ndani ya saa 24 vilipungua kwa asilimia 47. Lakini Haydom waliona jambo ambalo, kwa maoni yangu, kila mganga mkuu wa wilaya anapaswa kulijua. Baada ya mafunzo ya siku moja, wakunga walifanya vizuri sana walipojaribiwa kwa mdoli. Miezi saba baadaye, leba, kwa watoto halisi, kazi yao haikuwa imebadilika.

Kwa hiyo wakaacha kutegemea semina. Kuanzia mwaka 2011 mdoli ulihamia kazini: wa plastiki, umejazwa maji ili uwe na uzito wa mtoto, na kifua chake huinuka pale tu barakoa inapokaa sawasawa. Mkunga anafanya mazoezi ya dakika tatu hadi tano kila wiki, akiwa zamu, kisha anarudi kwa akina mama anaowahudumia. Vifo vya saa 24 za kwanza vilishuka kutoka 11.1 hadi 7.2 kwa kila watoto 1,000. Dawa mpya haikuwepo.

Wazo hilo lilipanuliwa, likaongezewa vifaa bora vya kusikiliza mapigo ya moyo wa mtoto tumboni na mazoezi ya kuzuia mama asivuje damu nyingi, kisha likapelekwa katika vituo 30 vya mikoa ya Manyara, Tabora, Shinyanga, Geita na Mwanza. Matokeo yalitoka Februari 2025, yakihusu akina mama zaidi ya 280,000. Watoto waliofariki wakati wa uchungu au ndani ya saa 24 walipungua kutoka 15.3 hadi 12.5 kwa kila 1,000. Vifo vya akina mama vilishuka kutoka takriban 240 hadi 60 kwa kila vizazi hai 100,000.

Tazama ramani. Manyara, Tabora na Shinyanga zote zinapakana na Singida, ila Singida yenyewe haikuwamo katika mikoa ile mitano. Mama wa Ikungi au Manyoni, mkoani Singida, hapaswi kusubiri utafiti mwingine ufanyike kwao ndipo anufaike, kwa sababu mapafu ya mtoto wake hayana tofauti na ya mtoto wa Nzega, Tabora.

Wajumbe wa kamati za afya za vituo na madiwani wa Singida, mnapokaa kupanga bajeti ya mwaka, ulizeni maswali haya: leba yetu ina mdoli wa mazoezi? Nani anasimamia mazoezi hayo kila wiki? Ambu iko wapi, na mara ya mwisho ilikaguliwa lini? Na jibu likiwa ni kwamba watumishi walishapata semina, ombeni mdoli ununuliwe.