Taa za Neoni za Hong Kong na Ushahidi wa Filamu

Mwaka 2015 ng'ombe mmoja maarufu wa Hong Kong alishushwa kutoka juu ya barabara ya Queen's Road West. Alikuwa ng'ombe wa mirija ya kioo, bango la neoni la mkahawa wa Sammy's Kitchen, na aliwaangazia wapita njia tangu mwishoni mwa miaka ya 1970 mpaka idara ya majengo ilipoamuru aondolewe. Kwa bahati hakuishia kwa wauza vyuma chakavu. Alichukuliwa na M+, jumba la makumbusho lililofunguliwa mwaka 2021, ambalo limehifadhi mabango kadhaa ya aina hiyo. Mtu anaweza kusema kwamba kazi imekwisha, urithi umeokolewa. Mimi naona umeokolewa nusu. Kilichohifadhiwa ni kioo, gesi na fremu ya chuma. Mwanga uliomwagika kwenye kuta za jirani, kwenye lami iliyolowa mvua na kwenye paji la uso la mtu aliyesubiri basi hauingii ghalani. Njia pekee ya kuuhifadhi ni picha iliyopigwa usiku, bango likiwa bado mahali pake, na kwa kazi hiyo filamu ya zamani bado ina nafasi, mradi itumike kama ushahidi na isigeuzwe pambo.

Gesi ya neoni iligunduliwa London mwaka 1898 na William Ramsay na Morris Travers, na mwaka 1910 Mfaransa Georges Claude alionyesha taa zake hadharani jijini Paris. Ukipitisha umeme wa maelfu ya volti ndani ya mrija uliotolewa hewa na kutiwa neoni kidogo, gesi hutoa mwanga mwekundu unaoelekea rangi ya chungwa. Ukitia agoni na chembe za zebaki unapata buluu, na kwa kupaka unga maalumu ndani ya kioo unapata rangi nyinginezo. Fundi hukunja mrija kwa mkono juu ya moto huku akipuliza hewa kwa mpira ili kioo kisibonyee kwenye kona. Hong Kong ilijaa kazi hii kuanzia miaka ya 1950 hadi 1980. Mabango yalitoka ukutani yakavuka barabara, moja likijaribu kulifunika jingine, na maandishi yake mara nyingi yaliandikwa kwanza kwa brashi na bingwa wa mwandiko ndipo fundi wa kioo akayafuata. Duka la rehani lilijulikana kwa umbo la popo aliyeshika sarafu, kwa kuwa popo kwa Wachina ni ishara ya baraka, na hata asiyejua kusoma alielewa pa kupeleka saa yake. Wafanyabiashara wa Tanzania na Kenya waliofuata simu na bidhaa nyingine katika jengo la Chungking Mansions walifikia Nathan Road, mtaa uliosifika kuliko yote kwa taa hizo.

Leo sehemu kubwa imekwisha. Tangu mwaka 2010 serikali imekaza kanuni za mabango yanayoning'inia, na mengi yalikuwa yamefungwa bila kibali chochote. Mwenye duka akipokea amri ya kuondoa, hesabu yake ni fupi: bango jipya la LED ni jepesi, halili umeme mwingi, na fundi wa kulitengeneza hatafutwi kwa tochi. Siwalaumu wenye maduka, wala idara. Bolti zilizokula kutu, juu ya barabara yenye watu wengi, katika mji unaopigwa na tufani karibu kila mwaka, ni hatari ya kweli. Anayelilia neoni bila kukubali jambo hilo analilia mandhari ya sinema. Kwa kuwa mengi ya mabango haya yataondolewa hata tukipiga kelele, swali la namna ya kuyapiga picha linakuwa zito zaidi.

Atakayeuliza kwa nini mtu ahangaike na filamu wakati simu ya mkononi inaona gizani kuliko jicho la binadamu, ana haki ya kujibiwa. Ugumu wa neoni ni kwamba mrija wenyewe unang'aa mara kumi au zaidi kuliko ukuta ulio chini yake. Mwanga wake mwekundu umejikusanya katika sehemu finyu ya rangi, kwa hiyo kihisi cha kamera ya dijitali hujaa upande wa nyekundu kabla ya rangi nyingine, na mrija uliokuwa mwekundu hutoka wa njano au mweupe kabisa. Filamu ya rangi ya negativu hustahimili mwanga uliozidi. Hujaa polepole, na mara nyingi rangi ya mrija na kivuli cha mtaa hubaki katika picha moja. Hata hivyo lazima tuwe wakweli: mpiga picha makini mwenye kamera ya dijitali akipunguza mwanga kwa hesabu na kuhifadhi faili ghafi, atafika hapohapo. Kwa rangi peke yake filamu haishindi kesi hii. Inashinda kwa sababu nyingine. Simu huchanganya fremu nyingi, hupandisha vivuli, huufanya usiku uwe alasiri yenye mawingu, na hufanya hayo yote bila kumwuliza mwenye kuishika. Katika filamu maamuzi ni machache na yanajulikana: aina ya filamu, lenzi, muda ambao shata lilikaa wazi. Mtafiti wa kesho akiwa na negativu mkononi anaweza kuikagua upya na kujua ni wapi picha ilimsaidia na wapi ilimpoteza. Ni kweli rangi za filamu nazo hufifia, hasa zikitunzwa kwenye joto na unyevu, na hali ya hewa ya Hong Kong ina vyote viwili.

Kuna pingamizi zito zaidi, nalo linatoka ndani ya filamu yenyewe. Wapiga picha wengi wa usiku siku hizi hupenda CineStill 800T, filamu ya sinema ya Kodak iliyoondolewa tabaka jeusi la nyuma ili isafishwe kwa dawa za kawaida. Kazi ya tabaka lile ilikuwa kumeza mwanga uliopenya hadi nyuma. Lisipokuwepo, mwanga hurudi na kuchora duara jekundu kuzunguka kila taa. Linapendeza, hilo sikatai. Lakini duara lile halikuwepo mtaani. Limetoka kwenye plastiki. Tukiendelea hivyo, wajukuu wataamini kwamba mtaa wa Mong Kok ulikuwa na ukungu mwekundu kila usiku, kumbe ukungu ulikuwa kwenye filamu. Linganisha na kazi ya Greg Girard wa Kanada, aliyepiga usiku wa Hong Kong kwa filamu kati ya miaka ya 1970 na 1980, neoni zilipokuwa jambo la kila siku. Hakuwa akiokoa kitu, na pengine ndiyo maana picha zake zinafaa: mwanga wa bango unaangukia mabaharia, ngazi na meza za baa, nao unabaki pale kama sehemu ya maisha yao. Keith Macgregor naye alipiga mabango ya miaka hiyohiyo, kisha baadaye akayaunganisha katika picha za kubuni ambamo mitaa tofauti inakutana katika fremu moja. Picha hizo ni sanaa, na mwenyewe aliziita njozi. Thamani yake ya kihistoria imo katika filamu za awali alizozitumia, zile ambazo kila bango limesimama kwenye kona yake halali.

Wengine watasema haya yote ni ugonjwa wa kutamani yaliyopita: mabango yalikuwa matangazo ya biashara, yaliwekwa ili kuuza nyama, saa na mchezo wa mahjong, na tangazo likipitwa na wakati huvuliwa. Ndiyo, yalikuwa matangazo. Lakini tangazo ni shahidi asiyejua kwamba anashuhudia. Linaonyesha nani alikuwa na fedha za kukodi ukuta mpana, lugha ipi iliwekwa juu ya nyingine, mtaa upi ulikesha na upi ulilala mapema. Ushahidi huo hutoweka bango likipigwa picha peke yake, limejaza fremu yote kwenye weusi mtupu, na kwa bahati mbaya ndiyo picha inayopendwa kuliko zote. Anayetaka kufanya kazi ya maana arudi nyuma hatua kadhaa, ajumuishe mlango wa duka, ghorofa za juu na watu wanaopita, asimamishe kamera kwenye miguu mitatu na kukubali kwamba filamu hupoteza wepesi wake muda ukizidi sekunde moja au mbili, hivyo aongeze muda zaidi ya ule anaoambiwa na kipimo. Kisha aandike anwani, tarehe na aina ya filamu. Nathan Road imepigwa ya kutosha. Kilichobaki bila kumbukumbu ni vichochoro vya nyuma, popo wa rehani ambaye nusu ya mirija yake imekufa, na kliniki ya ghorofa ya 2 ambayo mwenyewe huenda bado hajafungua barua ya idara.