Kwa Nini Utamu wa Mafanikio Haudumu

Kutoridhika baada ya kufanikiwa ni hali ya mtu kupata alichokitafuta, iwe shahada, cheo, nyumba au gari, kisha akajiona bado amepungukiwa. Si lazima iwe ugonjwa, wala si utovu wa shukrani. Kwa sehemu kubwa hutokana na mazoea. Waswahili walikwisha kusema: kipya kinyemi ingawa kidonda. Mwaka 1971 wanasaikolojia Philip Brickman na Donald Campbell waliifananisha hali hiyo na mashine ya mazoezi ya kukimbilia: mtu hutoka jasho, lakini hasogei.

Mwaka 1978 Brickman na wenzake walichapisha utafiti kuhusu washindi 22 wa bahati nasibu ya jimbo la Illinois, Marekani. Walipoulizwa wana furaha kiasi gani, hawakuwazidi sana watu ambao hawakushinda chochote. Tofauti ilijitokeza katika mambo madogo. Kifungua kinywa, mazungumzo na rafiki, kichekesho kizuri: hayo yote yaliwapa washindi raha kidogo kuliko wenzao.

Sehemu ya maelezo imo katika dopamini, kemikali inayopeleka ujumbe baina ya seli za ubongo. Mwanasayansi Wolfram Schultz alizipima seli zinazoitoa kwa kima waliokuwa wakipewa juisi. Juisi ikija ghafla, seli zilisisimka. Kima alipojua kwamba ishara fulani hutangulia juisi, seli zilisisimka kwa ishara. Juisi yenyewe haikuzishtua tena. Ishara ikija bila juisi kufuata, zilinyamaza pale juisi ilipotarajiwa. Seli hizo hupima pengo kati ya kilichotarajiwa na kilichopatikana. Mshahara uliokwisha kuzoeleka hauna pengo hilo.

Hata hivyo, malengo hayalingani. Mwaka 2009 Christopher Niemiec, Richard Ryan na Edward Deci walichapisha utafiti uliowafuatilia wahitimu wa vyuo vikuu Marekani. Kufikia malengo ya kujiendeleza, kujenga uhusiano wa karibu na kusaidia jamii kuliendana na ustawi wa nafsi. Kufikia utajiri, umaarufu na mwonekano wa kuvutia hakukuleta faida hiyo.

Hayo hayaiondolei fedha thamani yake: kwa asiye na uhakika wa chakula au matibabu, kipato huondoa dhiki ya kweli. Kinachochuja ni furaha ya upya, na lengo lililosimama juu ya upya peke yake ndilo huisha utamu mapema.